Kabla Mtoto Hajaingia Bwawani: Mwongozo kwa Wazazi wa Dodoma

Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi, upepo, na foleni ya ndoo pale mgao wa maji unapochelewa. Ndiyo maana wazazi wengi wa huku husema kuogelea ni mambo ya watu wa Pwani na Kanda ya Ziwa. Kumbe ukame wenyewe ndio unaowasogeza watoto wetu kwenye maji ya hatari. Penye maji haba watu huyahifadhi: kwenye mapipa, kwenye matangi yaliyochimbiwa chini, kwenye visima visivyofunikwa, kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe, na kwenye mabwawa makubwa kama Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na Mtera. Mashimo yaliyoachwa na wachimba moramu hujaa msimu wa mvua. Na yale makorongo ya mchanga ambayo mtoto huyavuka kwenda shule yakiwa makavu zaidi ya nusu mwaka, siku moja hushuka maji ghafla kwa sababu mvua imenyesha milimani, ilhali mjini jua linawaka.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo linashauri kwamba watoto wa umri wa shule, kuanzia miaka sita, wafundishwe kuogelea na kujihami majini. Huko Mwanza, shirika la EMEDO limelifanya suala la kuzuia watu kufa maji Ziwa Victoria kuwa kazi yake ya kila siku. Sisi wa Kanda ya Kati hatuna ziwa la kutukumbusha, kwa hiyo ni lazima mzazi ajikumbushe mwenyewe.

Siku hizi hoteli kadhaa za Dodoma na baadhi ya shule binafsi zina mabwawa ya kuogelea, na wakufunzi hupatikana. Lakini mzazi akimpeleka mtoto siku ya kwanza bila maandalizi, mara nyingi mtoto hulia, hung'ang'ania ukingo, na hataki kurudi wiki inayofuata. Maandalizi yenyewe hayahitaji bwawa. Yanaanzia bafuni.

Mtoto wa huku huoga kwa ndoo na kata, na hapo ndipo pa kuanzia. Wiki mbili tatu kabla ya somo la kwanza, mzoeze kumiminiwa maji kichwani taratibu, yamchuruzike usoni, bila wewe kukimbilia kumfuta macho kwa taulo. Mwache apepese macho mwenyewe. Kisha chukua beseni la maji, mwambie aweke midomo ndani na kupuliza mapovu. Akizoea, aweke na pua. Akizoea zaidi, uso mzima huku unahesabu moja, mbili, tatu. Kutoa pumzi ndani ya maji ndiko kunakowasumbua wanaoanza kuliko jambo jingine lolote, maana silika ya mtu ni kubana pumzi. Mtoto anayefika bwawani akiwa tayari anajua kupuliza mapovu ameshavuka nusu ya woga wake. Maji hayo msiyamwage ovyo. Yatanywesha mchicha au yatatumika chooni. Ila yaondoe mara tu zoezi linapoisha. Mtoto mdogo anaweza kufa katika maji ya sentimita chache, na beseni lililosahaulika uani ni hatari sawa na kisima.

Mfundishe pia kulala chali. Mlaze mkekani, mikono ameitandaza, kidevu ameinua, macho yanatazama dari, tumbo amelilegeza. Hivyo ndivyo atakavyoelea. Mwili uliokakamaa huzama. Uliolegea hubebwa na maji. Akilijua hilo akiwa mkavu, mwalimu atakapomwekea mkono mgongoni hatashtuka.

Kuna maneno ambayo mzazi inabidi ayaache. Tunawatisha watoto kwa maji: "Ukicheza huko utazama," "Nitakutupa kisimani." Mtoto aliyekuzwa kwa vitisho hivyo hajifunzi tahadhari, anajifunza hofu, na mwenye hofu akitumbukia hupapatika mpaka nguvu zimwishie. Mwambie sababu badala ya kumtisha: maji haya ni marefu kuliko wewe, na mpaka ujifunze, hatuyakaribii bila mtu mzima.

Jambo jingine ni malezi yetu ya heshima. Tunawafunza watoto kumwamkia mkubwa na kutobishana naye, na ni vizuri. Bwawani, hata hivyo, mtoto anahitaji ruhusa yako ya wazi ya kusema: "Mwalimu, naogopa," "Mwalimu, nimechoka, nataka kutoka." Mwambie kabla, mbele ya mwalimu mwenyewe ikiwezekana, kwamba kusema hivyo si utovu wa adabu. Mwambie pia ni nani anayeruhusiwa kumsaidia kubadili nguo, na kwamba mtu yeyote akimshika sehemu za siri au akimwambia afiche siri, aje akuambie hapohapo. Simu ya huduma kwa mtoto nchini ni 116, haina malipo.

Kabla ya kulipa ada, nenda ukalione bwawa. Simama ukingoni utazame upande wenye kina kirefu: kama huoni sakafu na tundu la kutolea maji chini kabisa, maji hayo hayafai, na mtoto akizama hapo hakuna atakayemwona. Muulize mhudumu anapima klorini mara ngapi. Mtu anayelitunza bwawa vizuri ana vichupa vya kupimia vinavyobadilika rangi, na hatakasirika ukiomba kuviona. Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Angalia kama kuna uzio na lango linalofungwa, kama namba za kina zimeandikwa ukingoni, kama lipo boya au fimbo ndefu ya kuokolea. Muulize mwalimu ana wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja. Kwa wanaoanza, mimi nisingekubali zaidi ya watano au sita kwa mwalimu mmoja. Muulize pia kama anajua kumpulizia pumzi mtu aliyezama na kumkandamiza kifua. Akisitasita, tafuta mwingine.

Wakati wa kuanza una maana kuliko wengi wanavyodhani. Likizo ya Juni ndiyo inayowajia wazazi kwanza akilini, na kwa Dodoma ndiyo mbaya zaidi. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi, upepo haukomi, na mabwawa mengi hayapashwi moto. Mtoto mwembamba hupoa haraka mno. Oktoba na Novemba, joto likiwa limepanda, ndiyo miezi mizuri. Desemba nayo inafaa, mradi mkisikia radi tu watoto watoke majini na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Somo la kwanza lisizidi nusu saa. Mtoto akianza kutetemeka, au kucha na fizi zikibadilika rangi, atoke, afutwe, avikwe sweta.

Kwa mtoto mwenye selimundu suala la baridi si dogo. Maji ya baridi na kukaukiwa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu makali, kwa hiyo ongea kwanza na kliniki yake, mchagulie miezi ya joto, na anywe maji ya kutosha kabla na baada. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, ikae ukingoni, si ndani ya gari. Mwenye kifafa anaweza kujifunza daktari akiridhia, lakini awe na mtu mzima wake peke yake, ndani ya maji, anayefikika kwa mkono. Mtoto anayetokwa usaha masikioni apone kwanza. Anayeharisha asiingie kabisa, kwa kuwa vipo vimelea vya kuhara ambavyo klorini haiviui upesi, na mtoto mmoja anaweza kuwaambukiza wote.

Macho yanastahili neno lake hapa kwetu. Mkoa wa Dodoma umeteswa kwa muda mrefu na trakoma, ugonjwa wa vikope unaoweza kupofusha, na Wilaya ya Kongwa ni moja ya mahali ulipochunguzwa sana duniani. Huambukizwa kwa vidole, kwa nzi, na kwa kitambaa kimoja kupangusia nyuso nyingi. Kwa hiyo kila mtoto awe na taulo yake na miwani yake ya maji, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Wasiazimane.

Na jua. Mchana wa Dodoma huchoma hata penye upepo, na maji huurudisha mwanga usoni. Vipindi vya kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni vinafaa zaidi. Mtoto mwenye ualbino asikoseshwe kuogelea. Avae nguo ya mikono mirefu, apakwe losheni ya kukinga jua nusu saa kabla na arudiwe akitoka majini. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, iulizie kwenye kliniki ya ngozi.

Nguo zisiwe kikwazo, hasa kwa mabinti. Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje ulifundisha wasichana wakiwa wamejisitiri mwili mzima, wakielea kwa madumu matupu ya plastiki, na walimu wao wakiwa wanawake. Picha za mpigapicha Anna Boyiazis za mwaka 2016 zilieneza habari hiyo duniani. Kama familia yako inajali stara, skintaiti na fulana nyepesi ya kubana vinatosha. Epuka jinzi, sweta na kanga ya kujifunga. Vikilowa huwa vizito na hunasa miguu. Maboya ya kupuliza ya mikononi usiyategemee. Hutoboka, huchomoka, na humdanganya mtoto kwamba anajua.

Chakula: uji au ndizi saa moja hivi kabla kinatosha. Akitoka atakuwa na njaa kweli, na zabibu za hapa nyumbani zinafaa sana, ila kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zikatwe kwa urefu zisije zikamkaba. Ngozi ikikauka kwa klorini, aoge kwa maji safi kisha apakwe mafuta.

Wakati wa somo, kaa ukingoni. Simu iwe mfukoni. Anayezama haiti "Nisaidieni". Mdomo wake unazama na kuibuka, hana pumzi ya kupiga kelele, na huenda chini kimyakimya katika muda mfupi sana. Ikitokea popote pale, bwawani au lamboni, usijitose kama hujui kuokoa. Mnyooshee fimbo, mrushie dumu tupu lililofungwa kamba, ita watu. Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kufanya hivyo hupoteza dakika na kunaweza kumfanya apaliwe na matapishi. Kama hapumui, mpulizie pumzi tano, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, 30 tena, bila kuacha, huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Usimruhusu akafanyie mazoezi lamboni baada ya masomo mawili matatu. Maji yaliyotuama yenye konokono huwa na kichocho, matope ya chini hunasa miguu, na Mtera kuna mamba na viboko. Bwawa lenye klorini na mwalimu ndipo mahali pa kujifunzia.

Baada ya miezi kadhaa, usiulize kama mtoto ana kasi. Uliza kama akisukumwa majini bila kutarajia anaweza kuibuka, kugeuka chali, kuelea dakika nzima akipumua, kisha kurudi ukingoni na kujivuta nje mwenyewe. Na siku moja mwombe mwalimu, akiwa pembeni yake majini, amjaribu hayo yote akiwa amevaa sare ya shule, kaptula au sketi, shati na soksi, kwa maana mtoto anayetumbukia kisimani au korongoni hutumbukia na nguo zake.