Hina kwa mvi, bila piko

SWALI: Nina mvi utosini. Muuzaji wa hapa Rangi Tatu ananiambia nichanganye hina na piko nywele ziwe nyeusi. Je, ni salama? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Dada yangu, piko liache kabisa. Weusi wake wa haraka mara nyingi hutokana na kemikali ya PPD, inayoweza kukuletea malengelenge na uvimbe wa uso. Tena ukishapata mzio huo, hauondoki. Hata rangi za saluni zenye PPD zitakudhuru.

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa, na haina weusi. Mvi zitatoka rangi ya chungwa au shaba, na mimi naona zinapendeza. Chekecha unga, ukoroge kwa maji ya uvuguvugu na ndimu kidogo, funika uache saa kadhaa. Vaa glavu, paka kwenye nywele safi, funga mfuko wa nailoni kichwani saa mbili hadi nne, kisha suuza kwa maji matupu. Usitishike ukiona rangi kali: itakolea na kutulia ndani ya siku mbili.

Ukitaka weusi, hina ikishatoka paka unga wa majani ya mnili uliokorogwa kwa maji tu, muda mfupi kabla ya kupaka. Ndimu humo huharibu kazi.

Kwanza jaribu kidogo kwenye kiwiko, usubiri saa 48. Na mtoto mchanga asipakwe hina. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD huweza kuishiwa damu kwa sababu yake.