Vyuma au Alaina: Shangazi na Mpwa Wake Wazungumzia Kupanga Meno

Shangazi alifanya kazi miaka mingi katika kliniki za meno za serikali huku magharibi mwa Kenya, na sasa amestaafu, anaishi nje kidogo ya mji wa Busia. Mpwa wake ni wakala wa forodha Malaba, anashughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda. Amemtembelea Jumapili alasiri.



SHANGAZI: Keti. Ulinipigia simu habari ya meno.

MPWA: Nimeamua kuyapanga. Zamu yangu ya chama imefika, na pesa sitaki ziliwe na mambo mengine. Nataka alaina, zile plastiki angavu ambazo mtu hazioni. Vyuma wenzangu ofisini wanasema ni vya watoto wa shule.

SHANGAZI: Sogea kwanza kwenye mwanga, ufungue mdomo. Zaidi. Hapa juu kushoto, chonge lako liko wapi?

MPWA: Halijawahi kuota. La kulia nalo limeota juu kabisa, limepanda jino la jirani. Hilo ndilo linaloniharibia kila picha.

SHANGAZI: Mama yako aliwahi kukuambia kwamba ulipokuwa mchanga ulitolewa meno ya uongo?

MPWA: Aliniambia niliharisha sana kabla sijaanza kutambaa. Nyanya akanipeleka kwa mama mmoja ng'ambo ya mpaka, akanichimba ufizi. Mbona unauliza?

SHANGAZI: Kwa sababu nimeiona midomo kama huu wako mara nyingi sana. Uganda wanayaita ebiino, Tanzania wanasema meno ya plastiki, na huku kwetu pia yapo. Mtoto anapokaribia kuota meno, ufizi wa mahali pa chonge huinuka na kupauka. Akiwa anaharisha na ana homa, watu wanaona ule uvimbe na kusema ndio ugonjwa wenyewe. Basi mtu huchukua spoku ya baiskeli iliyonolewa, au kisu, akachimba. Kinachotoka ni chembe ndogo, laini, nyeupe. Familia inaonyeshwa, inaambiwa ni funza. Ile chembe ni jino lenyewe la utoto, lilikuwa bado halijakomaa.

MPWA: Na kuharisha?

SHANGAZI: Kuharisha kunaendelea. Dawa yake ni maji ya chumvi na sukari, zinki, na kuendelea kunyonyesha. Na kwa kuchimbwa huko, wapo watoto waliovuja damu, na wapo waliopata maambukizi wakafa. Simlaumu nyanya yako, alitaka uishi. Lakini chonge la ukubwani hukua ndani ya mfupa, karibu kabisa na lile la utoto, kwa hiyo spoku ikiteleza kidogo tu inaligonga. Baadaye jino halioti kabisa, au linaota na kasoro, au linabaki limelala kiubavu ndani ya taya. Lako la kushoto huenda limo humo humo. Vidole vyangu haviwezi kujua. Eksirei ndiyo itakayosema, ile ya kuzunguka taya zote mbili.

MPWA: Na hilo linahusu vipi vyuma na alaina?

SHANGAZI: Linahusu kila kitu. Tuanze na jinsi jino linavyosogea. Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Kati yake na mfupa kuna nyuzi nyembamba sana. Ukilisukuma taratibu upande mmoja, mwili unaula mfupa wa mbele na kujenga mpya nyuma. Linasogea kama nguzo ya ua katika udongo wenye unyevu, takriban milimita moja kwa mwezi. Ukilazimisha haraka unaharibu mzizi. Hapo vyuma na alaina ni ndugu, vyote vinaitegemea kazi hiyo moja ya mwili, na siku za mwanzo vyote vinauma.

MPWA: Basi tofauti yake ni nini?

SHANGAZI: Namna ya kulishika jino. Vyuma vinatumia breketi, kidude kinachobandikwa kwa gundi kwenye kila jino, na waya unaopita katika mfereji wake. Mfereji huo wa pembe nne aliubuni Mmarekani Edward Angle katika miaka ya 1920, na mpaka leo ndio tunaoutumia. Waya unaweza kulizungusha jino, kulishusha, kuusimamisha mzizi. Alaina ni kifuniko cha plastiki kilichoundwa kwa kompyuta. Kila kimoja kimetengenezwa tofauti kidogo na mdomo wako ulivyo, robo milimita hivi kwa jino, nawe unabadilisha kila wiki moja au mbili. Kampuni iliyozieneza, Align Technology, ilianzishwa California mwaka 1997, na mmoja wa waanzilishi, Zia Chishti, alikuwa amevaa vyuma akiwa mtu mzima. Kwa hiyo usiwasikilize wenzako wa ofisini. Meno ya mtu mzima yanasogea, ila polepole kuliko ya mtoto.

MPWA: Na jino lililozama?

SHANGAZI: Kifuniko kitalishikaje jino ambalo halimo mdomoni? Kama eksirei itaonyesha lipo na lina afya, daktari wa upasuaji atafungua ufizi, atabandika kitufe chenye mnyororo mdogo, kisha waya utalivuta miezi na miezi mpaka lifike mahali pake. Wapo mabingwa wanaoanza na vyuma wakamalizia na alaina. Na kama halipo, watakueleza kama nafasi ifungwe au iachwe kwa jino la bandia. Swali lako la kwanza ndilo hilo.

MPWA: Tuseme chonge langu lingekuwa sawa, meno yamebanana kidogo tu. Bado ungenikataza alaina?

SHANGAZI: Nisingekukataza. Ningekuuliza siku yako inakwendaje. Asubuhi Malaba unakunywa chai saa ngapi?

MPWA: Saa moja kasorobo, na chapati. Saa nne tena, tukisubiri karatasi zipite. Mchana tunakula. Saa kumi chai. Na foleni ya malori ikiwa ndefu, akina mama wanapita na njugu na mahindi, tunatafuna tukizungumza.

SHANGAZI: Jioni?

MPWA: Chakula cha jioni, na chai usiku nikipigiwa kwamba lori fulani limeachiliwa.

SHANGAZI: Alaina inavaliwa saa 22 kwa siku. Unaitoa ukila, na ukinywa chochote isipokuwa maji. Chai ya moto inaipinda na kuipaka rangi, na sukari inanaswa ndani yake, inakaa juu ya jino mchana kutwa. Kabla ya kuirudisha, unapiga mswaki. Umenitajia mara sita hivi za kula na kunywa, na njugu juu yake. Saa mbili zimekwisha kabla ya jioni. Anayevaa saa 15 analipa pesa kamili apate nusu ya kazi, tena huenda vifuniko vinavyofuata vikakataa kuingia kwa sababu meno hayakusogea.

MPWA: Na vyuma havina shida?

SHANGAZI: Vinazo, nyingi. Waya unachoma shavu, unaweka nta. Miwa utaiaga, kwa sababu breketi inabanduka ukiing'wafua, na mahindi ya kuchoma utayapukuchua kwanza. Ugali wetu wa wimbi na muhogo hauna neno. Usafi ndio mgumu zaidi. Chakula kinajibanza pembeni mwa breketi, na mvivu wa mswaki akitolewa vyuma huenda akabaki na madoa meupe. Tena unarudi kliniki kila wiki nne mpaka sita. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali hawezi, na yeye, kama meno yake yamebanana kidogo na ana nidhamu, ningemshauri alaina, apewe vifuniko vya safari nzima. Wewe unalala Malaba kila siku. Pesa nazo mara nyingi vyuma ni nafuu.

MPWA: Kuna tangazo kwenye simu, unaletewa donge laini la kukanda, unaliuma mwenyewe nyumbani, unatuma alama, unaletewa alaina. Ni bei ndogo.

SHANGAZI: Futa. Marekani kulikuwa na kampuni kubwa ya namna hiyo, SmileDirectClub. Mwezi Desemba 2023 ilifunga milango, watu wakabaki na matibabu nusu. Lakini hata isingefunga, nani angeiona eksirei yako? Jino lenye ugonjwa wa ufizi ukilisukuma linalegea mpaka linatoka. Lazima ufizi utibiwe na matundu yazibwe kabla ya chochote.

MPWA: Nikienda ng'ambo, Busia ya Uganda, ni vibaya?

SHANGAZI: Si vibaya, wapo madaktari wazuri. Ila muulize daktari kama amesajiliwa na baraza la madaktari la Uganda, kama huku unavyomtafuta mtu katika orodha ya baraza la Kenya, KMPDC. Na muulize kama yeye ni bingwa wa kupanga meno, maana daktari wa meno wa kawaida si lazima awe bingwa wa kazi hiyo. Anayebandika vyuma vya urembo sokoni au saluni mkimbie.

MPWA: Baada ya vyuma kutolewa, nimemaliza?

SHANGAZI: Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza kila kitu. Meno yanataka kurudi yalikotoka. Utavaa ritena, kifaa cha kuyazuia yasirudi, mwanzoni karibu mchana na usiku, kisha usiku peke yake kwa miaka. Weka pesa yake kando tangu leo, usiihesabu kama ya ziada.

MPWA: Sasa nianzie wapi?

SHANGAZI: Kesho, hospitali ya rufaa ya hapa Busia, wakusafishe meno na kuangalia matundu. Kisha eksirei, na bingwa. Kwako Malaba, Eldoret ni njia moja kupitia Bungoma na Webuye. Pale kuna hospitali ya rufaa ya Moi, na Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha madaktari wa meno. Piga simu kwanza, uulize bingwa huwapo siku gani. Mwambie habari ya spoku, usione haya. Mwombe akuonyeshe mzizi wa chonge kwenye eksirei, akuambie kazi ni ya miezi mingapi, na nani utampigia waya ukikuchoma usiku. Akikutajia bei kabla ya kuiona eksirei, chukua mkoba wako utoke.

MPWA: Na mtoto wa dada yangu, yule mchanga? Wiki jana aliharisha, jirani akasema ana meno ya uongo.

SHANGAZI: Nipe simu. Mpigie dada yako sasa hivi.