Kubahatisha kwa Mpango: Ulinganisho wa Mikakati Mitatu ya Kukisia Nambari Kubwa

Utangulizi

Kitenzi 'kubahatisha' kinatokana na nomino 'bahati', na hudokeza kwamba anayekisia hana la kufanya ila kungoja majaliwa. Makala haya yanaitathmini dhana hiyo kwa kurejelea tatizo ambalo Thomas Cover, mtaalamu wa nadharia ya habari katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilichapisha mwaka wa 1987.

Mchezo wenyewe, katika umbo sahili, ni huu. Mfichaji huandika nambari nzima mbili tofauti, kuanzia 1 hadi 100, kila moja kwenye karatasi yake. Sarafu hurushwa kuamua karatasi itakayofunuliwa. Baada ya kuiona, mkisiaji hutaja iwapo nambari hiyo ndiyo kubwa au ni ile iliyofichwa.

Mikakati

Mkakati wa kwanza ni kuipuuza nambari iliyofunuliwa na kujibu kwa kurusha sarafu. Uwezekano wa kushinda ni 1/2. Haupandi wala haushuki.

Mkakati wa pili ni kuweka kizingiti kisichobadilika, tuseme 50.5. Nambari ikikizidi, hutajwa kuwa kubwa. Isipokizidi, hutajwa ile iliyofichwa. Ikiwa nambari zimeteuliwa kinasibu, jozi 2,500 kati ya 4,950 hukaa pande mbili za kizingiti, na mkisiaji hushinda bila shaka. Katika jozi zilizosalia hushinda nusu. Kwa jumla hupata takriban asilimia 75. Hata hivyo, mfichaji anayekijua kizingiti ataandika 60 na 90, na faida yote itatoweka.

Mkakati wa tatu, ambao ndio kiini cha hoja ya Cover, ni kukiteua kizingiti chenyewe kwa kura. Baina ya nambari zinazofuatana, kuanzia 1 hadi 100, mna nafasi 99. Mkisiaji huchagua mojawapo kwa siri. Nambari zikiwa 40 na 73, nafasi 33, yaani thuluthi moja, zimo baina yake. Kizingiti kikiangukia humo, ushindi ni hakika. Kikiangukia nje, ushindi ni nusu. Hivyo uwezekano ni 1/3 + 1/3 = 2/3. Hata mfichaji akiandika 50 na 51, uwezekano ni 50/99, ungali juu ya nusu.

Hitimisho

Ni bayana kuwa hakuna mkakati unaofaa kila mahali. Dhidi ya nambari za kinasibu, mkakati wa tatu huleta takriban asilimia 67 tu, chini ya ule wa pili; lakini mpinzani mjanja hawezi kuubatilisha. Aidha, ulinganisho huu unadhihirisha haja ya kutenganisha 'bahati', ambayo humfika mtu, na 'nasibu', ambayo mtu aweza kuitumia kama zana. Abahatishaye kwa mpango hategemei majaliwa pekee.