Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuchagua Gari la Dizeli Lililotumika, la Kuvuta Tela na Kubeba Jamaa



Madhumuni ya somo hili ni kumsaidia mwanachama, au chama chenyewe, kuchagua gari la dizeli lililokwisha kutumika, ambalo magurudumu yake yote manne huvuta, ili lifanye kazi mbili: kuvuta tela la mazao na kubeba watu wa nyumbani. Makatibu wanaombwa kulisoma mkutanoni sehemu baada ya sehemu, na kuwapa wanachama nafasi ya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutoa fedha za mavuno ya miaka mitatu kwanza, kisha ndipo kuuliza.

Hapa Kagongwa haja ya gari la namna hii ni dhahiri. Mpunga hutoka mabondeni, katika udongo wa mbuga ambao mvua ikinyesha hunata magurudumuni kama ugali mbichi, nao huletwa mjini kwenye mashine za kukoboa. Njia hiyo ya matope huishia kwenye lami itokayo Isaka kwenda Kahama, ambayo hupitiwa na malori yaendayo Rwanda na Burundi, pamoja na baiskeli, ng'ombe na watoto wa shule. Basi gari moja latakiwa liweze mambo mawili yasiyofanana: kujinasua katika tope, na kusimama upesi juu ya lami likiwa na mzigo nyuma yake. Wanunuzi wengi huulizia lile la kwanza tu. Somo hili lasisitiza la pili.

1. Pima mzigo kabla ya kutazama gari

Chukua karatasi na uandike uzito wa kazi yako. Tuseme tela lako likiwa tupu lina kilo 500, nawe wataka kulipakia magunia 20 ya mpunga, kila gunia kilo 80. Mpunga ni kilo 1,600, na jumla yote ni kilo 2,100.

Sasa tazama kitabu cha mtengenezaji wa gari. Kwa mfano, Land Rover Defender 110 huruhusiwa kuvuta tela la kilo 3,500 ikiwa tela hilo lina breki zake. Ikiwa tela halina breki, kiasi kinachoruhusiwa ni kilo 750 tu. Tofauti hiyo haitokani na injini, kwani injini ni ileile. Hutokana na breki. Gari laweza kukokota mzigo ambao haliwezi kuuzuia.

Tela lililoundwa kwa ekseli ya gari kuukuu mara nyingi halina breki. Kwa kipimo cha kilo 750, tela letu la kilo 500 lingeruhusiwa kupakiwa kilo 250, yaani magunia matatu! Kwa hiyo fedha za kulitia tela breki zihesabiwe pamoja na bei ya gari, wala zisingojee mwaka ujao.

Hesabu pia watu. Abiria sita wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo 390. Tena tela lililopakiwa vizuri huegemeza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya kulabu ya gari, yaani kilo 210 katika mfano wetu. Hivyo springi za gari zabeba kilo 600 kabla ya kupakia hata kikapu kimoja. Mnunuzi atazame kama gari limeruhusiwa kubeba uzito huo. Kama halikuruhusiwa, jamaa na mpunga wasafiri kwa safari mbili.

2. Chagua injini ambayo fundi wako anaifahamu

Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Kipuri kilichoko Dar es Salaam hakiliondoi gari lililokwama shambani. Kabla ya kuchagua aina ya gari, nenda Kahama ukaulize madukani ni vipuri vya injini ipi vipatikanavyo kila siku, na mafundi wanaitengeneza ipi bila kubahatisha.

Injini za dizeli ni za namna mbili kubwa. Zipo zenye pampu ya kawaida isiyotegemea umeme mwingi, kama Toyota 1HZ ya silinda sita na lita 4.2. Injini hiyo imo katika Land Cruiser za "mkonga" na za pikapu, na pia katika Land Cruiser HZJ105, ambayo ina nafasi nzuri ya familia. Haina mbio, lakini huvumilia. Zipo pia injini za baadaye, kama Toyota 1KD, ambazo husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana na kuongozwa na kompyuta. Hizi zina nguvu na hutumia mafuta kwa uangalifu, lakini nozeli zake haziwezi kustahimili maji wala uchafu.

Jambo hili lina uzito kwetu, kwa kuwa wengi huweka dizeli katika mapipa na madumu. Isitoshe, uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli uliwahi kuenea nchini hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wachanganyaji. Mafuta ya taa hupunguza ulainishaji, na pampu huumia. Atakayenunua injini ya kisasa aweke mafuta ya kituo kinachoaminika, na abadilishe chujio kwa wakati.

3. Ukaguzi wa gari

Ukaguzi ufanywe mchana, gari likiwa limepoa, pamoja na fundi ambaye hana ujamaa na muuzaji wala dalali.

(a) Chesisi. Lala chini utazame. Magari yatokayo Uingereza, na yale ya sehemu za Japani zenye theluji, hupita katika barabara zinazomwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa sehemu ya nyuma inapofungwa kulabu. Ufa, kutu nene au uchomeleaji uliofichwa kwa rangi mpya ni sababu ya kuliacha gari, hata kama injini yake huimba.

(b) Injini. Iwashwe ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji amekwisha kuipasha moto, rudi siku nyingine. Moshi mweusi usiokoma huonyesha dizeli isiyoungua vizuri au chujio la hewa lililoziba. Moshi wa buluu huonyesha oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto waweza kuwa maji yanayoingia katika silinda au nozeli mbovu.

(c) Upoozaji. Kuvuta tela huipasha injini moto kuliko kazi nyingine. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Mapovu yasiyokoma, au oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili ya gasketi iliyoungua au silinda hedi yenye ufa.

(d) Mkanda wa taimingi. Injini 1HZ, 1KD na nyingine nyingi zina mkanda huu. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Muuzaji asipokuwa na uthibitisho wa tarehe ulipobadilishwa, uhesabu kuwa haukubadilishwa.

(e) Klachi, gia na difu. Jaribu gari barabarani na katika tope. Ingiza magurudumu manne na gia ndogo ya nguvu, usikilize. Difu inayolia na klachi inayoteleza ni alama za gari lililovuta kupita uwezo wake.

(f) Breki. Katika mahali patupu, simamisha gari kwa nguvu. Lisivute upande mmoja, wala kanyagio lisishuke taratibu likishikiliwa.

(g) Kilomita. Mita huweza kurudishwa nyuma. Tazama mpira wa kanyagio, usukani na kiti cha dereva, maana hivyo havijui kusema uongo.

4. Hati na fedha

Nambari ya chesisi ilinganishwe na kadi ya gari, na umiliki uhakikishwe TRA kabla ya malipo. Gari liandikishwe kwa jina la mnunuzi mara moja. Likiwa la chama, liandikwe kwa jina la chama, si la mwenyekiti wala katibu. Kamati isikilize taarifa ya fundi kwa maandishi na uamuzi uingizwe katika muhtasari. Fedha zikikopwa, mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu.

Wala usitumie fedha zote kununulia gari. Mwenye shilingi milioni 25 atafute gari la milioni 20. Milioni tano zitakazobaki ni za matairi, mkanda, bima, uhamisho wa umiliki na breki za tela.

5. Baada ya kununua

Mzigo wa tela uwekwe mbele kidogo ya ekseli yake. Ukilundikwa nyuma, tela huyumba na kulitupa gari. Magari mengi, kama Land Cruiser za mkonga na Hilux, yasiendeshwe kwa magurudumu manne juu ya lami kavu, kwa kuwa difu na ekseli hukazana na kuvunjika. Mwendo uwe wa polepole, na nafasi baina yako na gari la mbele iwe kubwa kuliko ya kawaida. Na mtu yeyote, awe kuli au mtoto, asipandishwe juu ya magunia.

Ndugu Wanachama, muuzaji atawasifia nguvu za gari. Nanyi muulizeni likiwa limejaa, na tela liko nyuma, na ng'ombe wamekatiza barabara ghafla, litasimama wapi. Jibu la swali hilo ndilo bei halisi ya gari.

Maswali ya kujadiliwa

1. Tela la chama chetu, au la jirani, lina uzito gani likiwa tupu, na je, lina breki?
2. Ni injini zipi ambazo mafundi wa Kagongwa na Kahama wanazitengeneza kwa uhakika?
3. Chama kikinunua gari, ni nani atakayeidhinisha safari za kifamilia, kwa malipo gani, na daftari la safari litatunzwa na nani?
4. Je, yafaa familia tatu au nne zichange kununua gari moja? Masharti yao yaandikweje?