Mtoto Anayekosa Shule Siku ya Kliniki: Zoezi la Utafiti kwa Walimu Wanafunzi

Mwalimu mwanafunzi aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, aghalabu chuo humpa kazi ya pili mbali na kusomesha, nayo ni kufanya utafiti mdogo katika jamii inayoizunguka shule na kuuandikia ripoti. Mada zinazochaguliwa huwa ni zile zile kila mwaka: utoro, uhaba wa madawati, mwamko mdogo wa wazazi. Katika makala haya tunapendekeza mada nyingine, yaani vikwazo ambavyo wanawake wenye ulemavu hukutana navyo wanapotafuta matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Huenda msomaji akauliza, jambo hili la waganga na wauguzi lamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Lamhusu sana, na ushahidi wake umo ndani ya daftari la mahudhurio.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne, mwenye umri wa miaka 10 hivi, ambaye hukosa shule siku moja katika kila mwezi, nayo siku hiyo ni Jumanne daima. Mwalimu wa darasa huandika kwamba ni mtoro, humwadhibu, kisha humwita mzazi. Mzazi haji. Lau mwalimu angelilinganisha daftari lake na ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa zahanati, angeliona kwamba Jumanne ndiyo siku ya kliniki ya akina mama wajawazito. Na lau angelifika nyumbani kwa mtoto huyo, angelikuta kwamba mama yake ni kiziwi. Mtoto hakwenda kucheza. Alikwenda kuwa masikio na ulimi wa mama yake mbele ya muuguzi. Mama asiyeona naye humhitaji mtoto amwongoze njiani, amsomee kadi, na jioni amtofautishie bahasha mbili za vidonge ambazo maelezo yake yameandikwa kwa kalamu tu.

Hapo pana hasara mbili. Ya kwanza ni masomo yaliyompita mtoto, na hii sisi walimu twaiona upesi. Ya pili ni ya mama, nayo ni nzito zaidi. Mwanamke anayesema na muuguzi kwa kinywa cha mwanawe hawezi kuuliza yote aliyonayo moyoni. Atauliza juu ya maumivu ya mgongo. Hatauliza juu ya kutokwa na damu, wala njia za kupanga uzazi, wala mambo yaliyo kati yake na mumewe. Na majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI yatapita wapi, ikiwa si masikioni mwa mtoto wa miaka 10? Mama huyu ataandikwa katika daftari la zahanati kuwa amehudhuria na amehudumiwa, ilhali swali lililomtoa nyumbani amerudi nalo.

Wala jambo hili si la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wenye ulemavu duniani hukadiriwa kufikia bilioni 1.3, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 6. Shirika hilo hilo lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mama mjamzito akutane na mhudumu wa afya si chini ya mara 8 kabla ya kujifungua. Mtoto akiandamana na mama yake safari zote hizo, amekosa siku 8, na bado hatujahesabu siku za kumpima uzito mdogo wake atakapozaliwa. Kwa upande wa sheria, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 25 ya mkataba huo huzungumzia afya, na hutaka huduma ziwe karibu na mahali watu wanapoishi, vijijini pia. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Basi haki imekwisha kuandikwa. Kazi ya mtafiti mdogo ni kutazama jinsi inavyofika, au isivyofika, katika kijiji kimoja.

Kumtambua tunayemtafuta

Mwalimu mwanafunzi akiuliza kijijini, "Je, hapa kuna walemavu?", ataonyeshwa mtu mmoja au wawili wenye ulemavu wa miguu, kisha ataambiwa kuwa wamekwisha. Mwanamke asiyesikia sikio moja hatatajwa, wala mwenye kifafa, wala bibi ambaye macho yamefifia. Yafaa kutumia maswali mafupi ya Kundi la Washington, ambayo hutumika katika sensa na uchunguzi wa nchi nyingi. Maswali hayo ni 6, na hayataji ulemavu hata mara moja. Huuliza iwapo mtu hupata shida katika kuona, ajapovaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutuliza akili, kujihudumia, kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na wengine katika mazungumzo. Kila swali lina majibu 4: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Anayejibu "shida kubwa" au zaidi katika swali lolote huhesabiwa kuwa ana ulemavu.

Lugha nayo yataka uangalifu. Msomaji wa sarufi ataona kwamba maneno yetu ya kale, kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, yote yameingizwa katika umbo la KI-VI, pamoja na viti na vikombe. Ndiyo maana wengi siku hizi hupendelea "mtu asiyeona" au "mwenye ulemavu wa viungo". Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuwasahihisha watu majina yao: Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilijichagulia jina hilo chenyewe. Kanuni iliyo salama ni kumwuliza mhusika apendavyo kuitwa, na kumwita hivyo.

Kuuliza safari nzima

Kosa tunaloliona mara nyingi katika hojaji za wanafunzi ni swali hili: "Je, unapata huduma za afya? Ndiyo/Hapana." Mama atajibu "ndiyo", kwa adabu au kwa hofu, na utafiti utakuwa umekwisha kabla ya kuanza. Hapana budi mtafiti aifuate safari moja tangu mlangoni mwa nyumba hadi kurudi. Baada ya kumwamkia na kueleza nia yake, aseme hivi: "Mama, naomba unisimulie siku ile ulipokwenda zahanati mara ya mwisho. Ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulikwenda na nani, na kwa chombo gani? Nauli ililipwa ya watu wangapi? Ulipofika, ulijuaje kwamba zamu yako imefika? Nani alisema na muuguzi? Lipo neno ulilotaka kusema usiliseme?"

Swali la nauli laonekana dogo, lakini mwanamke asiyeweza kwenda peke yake hulipa mara mbili, na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu pengine hudaiwa nauli ya chombo hicho pia. Swali la zamu nalo hufichua mengi. Mahali pengi wagonjwa huitwa kwa sauti. Kiziwi hukaa benchi akitazama midomo ya watu, jina lake huitwa mara mbili, kisha huitwa mwingine. Asubuhi hutolewa pia mafunzo ya afya kwa akina mama wote kwa mdomo, naye huyakosa hali yumo ndani ya chumba kile kile. Mwenye ulemavu wa miguu hufika kwenye mizani ya kusimama asiweze kuipanda, na sehemu ya uzito katika kadi yake hubaki tupu mwezi baada ya mwezi. Liko na la maneno. Wanawake wenye ulemavu wameeleza mara nyingi, katika nchi nyingi, jinsi wanavyopokewa kwa mshangao wanapokuja na mimba, kana kwamba ndoa na uzazi ni mambo ya wengine. Mtafiti asilidokeze hili. Akisimulia mama mwenyewe, aliandike kwa maneno yale yale aliyoyatumia.

Nani azungumze?

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa wa zoezi zima. Tukifika nyumbani na kumwuliza mume, au mama mkwe, "Huyu hupata shida gani?", tutakuwa tumetenda lile lile tulilokuja kulichunguza. Maneno yaelekezwe kwa mwanamke mwenyewe, na macho pia. Ikiwa ni kiziwi aliyesoma, huenda anaijua Lugha ya Alama ya Tanzania, au huandika. Mkalimani aweza kutafutwa kwa msaada wa chama cha viziwi au wa mwalimu wa elimu maalumu. Lakini wako wanawake wengi vijijini ambao hawakupata kufika shule ya viziwi, na ishara zao huelewana na watu wa nyumbani mwao tu. Kwao mkalimani wa mjini hafui dafu. Michoro husaidia, vitu halisi husaidia, kwa mfano kadi, bahasha ya dawa na sarafu za nauli. Na akihitajika mtu wa kati, achaguliwe na mwanamke mwenyewe, awe mtu mzima. Mwanawe asitumiwe kamwe kuwa mkalimani wa utafiti huu. Vivyo hivyo mwalimu asisimame darasani akauliza ni nani ambaye mama yake ana ulemavu. Daftari la mahudhurio laweza kulinganishwa na ratiba ya kliniki kimya kimya, ofisini, kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Zahanati itembelewe pia, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, na mtafiti abebe utepe wa kupimia. Ngazi 3 zenye kimo cha sentimeta 15 kila moja hufanya sentimeta 45; kwa kipimo kinachotumiwa sana, cha sentimeta 12 za urefu kwa kila sentimeta 1 ya kimo, njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ingepaswa kuwa na urefu wa meta 5.4. (Hesabu hii yafaa kabisa kwa darasa la sita.) Atazame choo, kitanda cha kuchunguzia, mahali pa mizani. Asiende kama mkaguzi. Muuguzi mmoja mwenye foleni ya akina mama 40 ana maelezo yake, na ripoti isiyoyasikiliza haina haki.

Mpaka wa zoezi uwe wazi: tunauliza juu ya njia, hatuulizi juu ya ugonjwa, wala hatufungui majalada ya wagonjwa. Utafiti unaoingia humo huhitaji kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nao si wa kiwango hiki. Mtendaji wa kijiji apewe barua ya chuo. Lakini barua hiyo haimlazimishi mwanamke yeyote. Aelezwe, akubali au akatae, na akikatishia mazungumzo katikati aachwe bila kuulizwa sababu.

Matokeo huanza kurudishwa kwa wanawake wenyewe, wayasikie au waonyeshwe, waondoe wasilolitaka. Ndipo yafikishwe kwa mwalimu mkuu na mganga mfawidhi wakiwa pamoja, maana yako mambo ambayo wawili hao waweza kuyamaliza bila kungoja fedha: muuguzi amfuate kiziwi na kumgusa bega badala ya kumwita, bahasha moja ya dawa ifungwe uzi ili vidole viitambue, mama anayesindikizwa na mwanafunzi ahudumiwe mwanzo, mtoto arudi darasani kabla ya saa nne, na daftari liandike kwamba ana ruhusa. Katika ripoti ya chuo majina hayaandikwi, wala jina la kitongoji ambamo mwanamke kiziwi ni mmoja tu. Karatasi yenye kulinganisha herufi na majina huchanwa kabla mwalimu mwanafunzi hajaondoka kijijini.