DAWA YA KUTULIZA MBWA: KIPIMO NA TAHADHARI

Katika vihamba vya Machame, Kibosho na Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na hata mjini Moshi, mbwa ni mlinzi wa nyumba na mifugo. Baadhi yao hushikwa na hofu kubwa wakati wa radi za masika au milio ya fataki, na daktari wa mifugo huweza kuwaandikia dawa ya kutuliza. Somo hili linawahusu vilevile wakaazi wa Visiwani wenye mbwa wa ulinzi.

Dawa hiyo huzidi kwa sababu mbili. Kwanza, mmoja humpa mbwa kidonge asubuhi, na mwenziwe, bila ya habari, humpa kingine. Pili, wengine hukisia kipimo kwa dawa za binadamu, kama vile diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Kipimo hufuata uzito na aina ya mnyama. Uzito hupatikana kwa mtu kupanda mizani amembeba mbwa, kisha peke yake: 62 kutoa 50 ni kilo 12.

Mbwa aliyezidishiwa husinzia sana, huyumba, miguu hulegea, na pumzi huweza kupungua. Wengine, kinyume na matarajio, huhangaika zaidi. Dalili hizo huweza kudhaniwa kichaa cha mbwa, na mnyama asiye na kosa akauawa. Vilevile wasiwasi wa ghafla huweza kuwa mwanzo wa kichaa chenyewe. Kwa hiyo mbwa wa namna hiyo asishikwe mdomo wala kupewa kidonge kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Kosa likitokea, inashauriwa:

1. Dawa isitolewe tena.
2. Saa na idadi ya vidonge viandikwe, na pakiti ichukuliwe.
3. Mbwa asitapishwe wala kunyweshwa maziwa, mafuta au maji ya chumvi. Aliyesinzia huweza kuvivutia mapafuni, na chumvi nyingi ni sumu.
4. Afunikwe, kwani dawa hushusha joto la mwili na usiku wa mlimani ni baridi.
5. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, bila ya kungoja alfajiri.

Kuona haya kusimzuie mtu kusema kweli, kwani tabibu hawezi kutibu asilolijua. Kila nyumba inahimizwa kumkabidhi dawa mtu mmoja, na kila kidonge kiandikwe.