Kutumia Tena Udongo wa Vyungu: Manufaa na Tahadhari za Kiafya

Wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu hushauriwa kila mara kula mboga za majani kwa wingi. Kwa mkaazi wa mjini asiye na shamba, njia nyepesi ya kuufuata ushauri huo ni kupanda mchicha, matembele au sukumawiki katika ndoo, vyungu na viroba. Baada ya mavuno kadhaa mboga hudhoofu, na wengi huutupa udongo wakidhani umekwisha kazi. Udongo huo umechoka tu, nao waweza kurudishiwa nguvu kwa gharama ndogo. Hata hivyo, kazi ya kuuhuisha ina hatari zake kwa afya, na hatari hizo huepukika zikijulikana.

Sababu za udongo kuchoka

Virutubisho, hasa naitrojeni, huchukuliwa na mimea au huchuruzika pamoja na maji. Mboji iliyokuwamo huoza ikaisha, udongo ukashikamana na mizizi ikakosa hewa. Chumvi za mbolea na za maji ya kisima nazo hujikusanya. Dalili yake ni utando mweupe juu ya udongo.

Namna ya kuuhuisha

1. Nyunyizia udongo maji kabla ya kuuvunja, kisha uondoe mizizi ya zamani. Udongo mkavu usichekechwe, kwani hutoa vumbi.

2. Penye utando mweupe, mimina maji mengi safi yapite hadi yatoke chini ya chombo.

3. Tandaza udongo wenye unyevu kwa unene usiozidi sentimita 15, ufunike kwa nailoni angavu na kuuacha juani kwa wiki 4 hadi 6. Joto hupunguza magugu na vimelea vya mimea. Iwapo nyanya zilinyauka kwa ugonjwa, udongo huo usipandwe tena nyanya, bilinganya wala pilipili hoho, kwa kuwa ni mimea ya jamii moja.

4. Changanya sehemu 2 za udongo na sehemu 1 ya mboji au samadi iliyooza vema. Samadi mbichi ina bakteria wa kuharisha na haifai kwa mboga za majani.

Udongo uliotoka penye gereji au palipovunjwa betri usitumike kamwe. Madini ya risasi hayaondolewi na jua wala mboji, nayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Hatari kwa mwili

Jua haliui spora za bakteria wa pepopunda, ambazo huishi udongoni kwa miaka mingi na kuingia mwilini kupitia jeraha, hata dogo. Kinga ya kweli ni chanjo. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni asifanye kazi hii pekupeku, maana aweza kuchomwa na kigae asijue. Avae viatu vilivyofunika mguu na glavu, na akimaliza aikague miguu yake.

Hatari ya pili ni vumbi. Huko Australia, mlipuko wa homa ya mapafu wa miaka ya 1988 na 1989 ulihusishwa na udongo wa kupandia maua uliokuwa na bakteria wa jamii ya lejionela. Wazee, wavutaji sigara na wenye upungufu wa kinga ndio walio hatarini zaidi. Wafanye kazi mahali penye hewa, wavae barakoa, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Mwenye kinga dhaifu sana amwachie mwingine kazi ya kuchanganya, yeye apande na kuvuna.

Kwa watoa huduma

Mgonjwa wa homa ya mapafu asiyepata nafuu kwa amoksisilini aulizwe kama ameshika udongo au mboji hivi karibuni. Lejionela haitibiwi kwa dawa za jamii ya penisilini. Huhitaji azithromaisini au levofloksasini. Kipimo cha mkojo kinachotumika sana hakikitambui kirusha-maradhi huyu wa udongoni, hivyo jibu hasi lisitupumbaze. Na kila mwenye jeraha lililoingia udongo, licha ya kusafishwa, aulizwe tarehe ya chanjo yake ya mwisho ya pepopunda. Wanaume watu wazima waulizwe kwa makini zaidi, kwa sababu wao hawapitii kliniki ya wajawazito ambako chanjo hiyo hutolewa.